Pumulio

Kipimo chetu ni nguzo ya mpingo iliyosimama majini.
Mistari nimeichora kwa rangi ya kucha ya binti yangu Tabia,
maana fedha ya rangi ya mafuta
ilinywewa na greda.
Mstari wa tano ukilowa, mbuzi wa Likapa watafika Septemba.
Wa saba ukilowa, tutafyatua hata matofali.
Wa tisa sikuuchora.
Nani hapa Namikula alikuwa na ndoto ya wa tisa?

Sisi ni watu wa kufukua mchanga wa mto saa tisa za usiku,
unachuchumaa na kata ukingoni mwa shimo
mpaka maji yatoe jicho.
Mwanangu wa kwanza nilimwogesha
kwa maji yaliyochemshia ming'oko.
Akatakata, akanukia chakula.

Greda lilifanya kazi siku mbili, likavunjika mkono.
Yaliyobaki yakawa yetu:
mfinyanzi mweusi kwa karai,
tabaka la shubiri moja, nyunyiza, shindilia,
tabaka jingine.
Wifi yangu Somoe alikuwa na mimba ya miezi saba.
Tulimkataza. Akaja na kigogo chake
akapiga mahali pamoja hadi jua likazama.
Ukipita juu ya tuta leo, upande wa mashariki,
mguu wenyewe unajua: hapa ndipo alipokasirika Somoe.

Fundi wa wilaya, kabla hajapanda pikipiki, alisema,
"Tuta haliuawi na maji yanayolisukuma kifuani.
Linauawa na yale yatakayopanda mgongoni."
Akatuachia njia pembeni, hatua kumi upana,
kavu, haina kazi.
Yeye aliiita utoro wa maji. Sisi tuliita pumulio.
"Hapa msipande kitu ila ukoka."

Sasa mwambie Nanjota kwamba ipo ardhi
tambarare, ya mfinyanzi, imelala bure!
Alipiga majaruba manne, akapanda mpunga.
Kamati ikakaa. Faini: kuku mmoja.
Akaleta jogoo mwekundu, mzito, bila kinyongo.
Tukamla jogoo.
Mpunga ukabaki.
Mimi nilipata paja; sifichi.

Machi, mvua ya siku ya tatu isiyopumzika,
nilishuka usiku na tochi ya simu.
Nguzo sikuiona.
Nikadhani nimepotea njia, nikaangaza tena:
maji yalikuwa yamelala vidole vitatu chini ya ukingo,
kimya, kama mgeni aliyekwishaingia ndani
anayesubiri uamke umkaribishe.
Upande wa nyuma tuta lilikuwa linatoka jasho.

Nilipiga debe. Walikuja na majembe, na usingizi machoni.
Wa kwanza kufika majarubani alikuwa Nanjota.
Mpunga wake ulikuwa umebeba mimba,
wiki moja tu ungechanua.
Hakuna aliyemwambia neno; nani angeanza,
sote tulikuwa na mifupa ya jogoo mdomoni?
Alisimama kidogo. Akavuta kaptula juu.
Kisha akapiga jembe kwenye kingo alizozijenga mwenyewe,
moja, ya pili,
na ya tatu maji yakamsaidia.

Yalipita yakinguruma hadi alfajiri.
Somoe alishika taa, mtoto mgongoni,
akikanyagakanyaga pale pake, kana kwamba lambo
lisingesimama bila kisigino chake.

Asubuhi kambale walikuwa njiani, watoto wakiwaokota kwa kanga.
Tuta limesimama, limemeguka pembe moja tu.
Nanjota alikuwa anafyonza suke changa,
maziwa yake meupe kwenye ndevu.
Aliniangalia nilivyokuwa nafungua daftari.
"Andika na jogoo," akasema.

Nimeandika.
Mstari wa tisa: uchorwe.
Pumulio: ukoka, na ukoka tu.
Na chini kabisa, kwa herufi za kujibana
kwa kuwa ukurasa ulikuwa umekwisha:
kamati inadaiwa kuku mmoja, mwekundu.